Mwanafunzi Aliyesindikizwa na Kwaya

Vijana wa ofisi ya usajili, salamu. Kabla sijakabidhi funguo, mkuu wa chuo aliniomba niache maandishi ya kuwaelekeza kazi. Nilimwambia maelekezo yapo kwenye faili la kijani, kurasa kumi na moja, na hakuna aliyelifungua tangu panya wazalie humo. Akasema hataki hayo, anataka yale ambayo hayamo kwenye faili. Haya basi. Vyeo vyangu siviandiki, kwa kuwa vilikuwa viwili tu, na cha pili kilikuwa kilekile cha kwanza kikiwa na jina refu zaidi. Mshahara nao mnaujua.

Niliingia chuoni hapa Kasulu nikiwa binti wa miaka ishirini na miwili, nimetoka Rungwe Mpya na sanduku la bati na viatu vya kuazima. Karani mkuu wakati ule alikuwa Mzee Gervasi, mtu mwembamba aliyevaa sweta mwaka mzima, hata mwezi wa tisa vumbi linapowaka. Nilipofika aliniambia nikakae kwenye benchi la wageni pale nje. Nikakaa. Saa nzima ikapita, watu wanaingia na kutoka, hakuna aliyenitazama. Aliponiita nilikuwa nimeshaanza kufuta machozi kwa ncha ya kitenge. Akasema, "Umeona kulivyo? Basi mtu asikae pale zaidi ya dakika tano bila kusalimiwa." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kazi, yote.

Zana zetu zilikuwa taipureta isiyopenda herufi ya K, kalamu iliyofungwa kwa kamba ili isihame na wageni, na muhuri wa tarehe. Muhuri huo ndio ulionipa adabu. Wiki yangu ya pili niligeuza gurudumu la mwaka kinyume, na kwa siku tano chuo kizima kikawa kinaishi mwaka uliopita. Vyeti vya wanafunzi wawili vilionyesha wamehitimu kabla ya kujiunga. Mzee Gervasi hakunifokea. Alinikalisha nikaandika upya kila kitu kwa mkono, naye akakaa pembeni akinywa kahawa na kuninong'oneza tarehe.

Alinipa sheria moja ambayo niliishika kuliko amri kumi, Mungu anisamehe. Alisema, "Anastazia, sisi tunaandika, hatuchagui. Ukimchagulia mtu kozi akafaulu, atasema ni akili zake. Akifeli atakuja hapa na mke wake, na mke ndiye atakayeanza kuongea."

Kuwaandika vijana waliotoka shule ni kazi rahisi. Mtoto wa kidato cha nne anataka anachotaka baba yake, na baba yupo hapo hapo ameshika bahasha. Watu wazima ndio kazi yenyewe. Mtu mzima anakuja mchana uliopoa, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, anakuambia anamuulizia mdogo wake. Mnazungumza. Baada ya dakika kumi mdogo wake ana umri kama wake, mke kama wake na kovu kama lake. Msimcheke. Mpeni fomu ya mdogo wake kwa mikono miwili, mtasikia pumzi inavyomtoka.

Wengine hawajifichi. Kulikuwa na mama mmoja wa Buhigwe, miaka arobaini na minne, aliyetaka umeme wa majumbani. Fundi mmoja alikuwa amemfungia umeme nyumbani kwake, redio ikawa haiongei mpaka taa izimwe. Mama yule alisoma mwaka mzima katikati ya vijana wa umri wa wanawe, akamaliza, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupanda kwenye dari yake mwenyewe. Katika wote niliowaandika, hakuna aliyejua anachotaka kama yeye. Namtaja ili msije mkadhani mimi ni mtu wa kuwakatisha watu wazima tamaa. Elimu haina mwisho, nakubali. Lakini ngojeni niwaambie habari za Sadoki.

Sadoki alikuja mara ya kwanza katika miaka yangu ya mwishomwisho kazini. Ni mtu wa Kibondo, wazazi wake walitoka Burundi zamani na kupata uraia, na yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, mrefu, mpole, amevaa kizibao cha mradi kilichopauka mpaka maandishi ya mgongoni hayasomeki. Alikuwa ametunza stoo kwenye kambi ya wakimbizi kwa miaka minane. Miradi ikapungua, mkataba ukaisha, kizibao kikabaki. Baada ya hapo alijaribu bodaboda, akauza vocha, akafuga nguruwe watatu ambao walikula mahindi ya jirani wakaleta kesi.

"Mwakeye, mama," akaniamkia kwa Kiha. "Nimekuja kuchukua fomu."

"Ya kozi gani?"

Akatazama ukutani tulipobandika orodha: useremala, ushonaji, umeme, ufugaji, ugavi, upishi. Akaisoma yote hadi chini, halafu akaisoma kutoka chini kwenda juu.

"Mama, hapo ndipo penyewe. Nilidhani nyie ndio mtaniambia."

Nikamjibu kwa sheria ya Mzee Gervasi. Akachukua fomu akaenda nayo kufikiri. Mwezi wa nane uliofuata akarudi, ile ya kwanza ilikuwa imeloa. Nikampa nyingine. Mwaka wa tatu akaja, mwaka wa nne akaja. Tulizoeana. Alikuwa akiniletea ndizi, tunaulizana habari za nyumbani, anasoma orodha juu na chini, anachukua fomu, anaondoka. Kama kungekuwa na kozi ya kuchukua fomu, Sadoki angekuwa ameshahitimu na kufundisha.

Mwaka wa tano hakuja peke yake.

Ilikuwa Jumatatu, wiki ya mwisho ya usajili. Nilisikia kuimba. Nilidhani ni msiba, nikasimama. Nikachungulia dirishani nikaona pikapu inaingia getini taratibu, nyuma imejaa wanakwaya wenye vitambaa vya zambarau, na katikati yao godoro jipya bado liko kwenye nailoni, na juu ya godoro Sadoki amekaa kama harusi ni yake. Pembeni ya dereva alikuwa mchungaji, na pembeni ya mchungaji mama mmoja mzee aliyeshika jogoo.

Wakateremka, wakajipanga mbele ya mlango wangu, wakamaliza ubeti. Mchungaji akasogea, akanishika mkono, mkono wake wa kushoto ukiwa chini ya kiwiko cha kulia, kwa heshima zote.

"Mwalimu, tunamshukuru Mungu. Tumewaletea mwanafunzi wenu."

Mimi si mwalimu, lakini hapo hapakuwa mahali pa kubishana. Nikauliza swali ambalo nimeuliza maisha yangu yote.

"Wa kozi gani?"

Mchungaji akamtazama Sadoki. Kwaya ikamtazama Sadoki. Sadoki akalitazama godoro. Mwisho kiongozi wa sauti ya kwanza, nadhani kwa huruma, akaanzisha pambio.

Kilichotokea nilikuja kukielewa baadaye. Sadoki alikuwa amesimama kanisani wakati wa maombi, akasema ndugu niombeeni, nafikiria kwenda chuo. Sasa kwao jambo likishaombewa linakuwa la wote. Wiki ile ile kina mama wakaketi kikao. Mtoto wa jirani alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, wakanakili orodha yake ya vifaa, kwa hiyo Sadoki, baba wa watoto watatu, alinunuliwa ndoo, jembe, panga, fagio la chelewa, rimu ya karatasi na bukta mbili za bluu za michezo. Jumapili akawekewa mikono. Jumatatu akapakiwa. Hakuna aliyemuuliza kama ameshapata nafasi, na yeye alikuwa mpole mno kuwakatiza watu waliokuwa wanalia kwa furaha.

Yule mama mwenye jogoo alikuwa mama mkwe wake. Kwa heshima ya ukwe hasemi naye ana kwa ana, kwa hiyo akasema na mimi, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye barabarani.

"Mwalimu, mwambie mkwe wangu asome kwa bidii. Mwambie binti yangu Yunisi amebaki vizuri. Mwambie huyu jogoo ni wa walimu, asimle yeye."

Nikamgeukia Sadoki aliyekuwa hatua moja kutoka hapo. "Amesema usimle jogoo."

"Nimesikia, mama."

Wakaondoka wakiimba. Sadoki akapunga mkono mpaka vumbi likatua, kisha akaja akakaa kwenye benchi, akashika kichwa.

"Rudi nyumbani," nikamwambia. "Basi la saa nane lipo."

"Nitarudije, mama? Mtu amesindikizwa na kwaya, mchungaji, mkwe mtu, halafu arudi jioni ile ile? Watauliza amefanya nini huko. Watasema ameiba, au amepimwa akakutwa na kitu. Kwetu aliyesindikizwa harudi peke yake." Akainua kichwa. "Na tena nina miaka thelathini na tisa. Hapo nyuma nimekosea nikasema si kitu, mbele kupo. Nikikosea hii, hakuna nyingine ya kukosea."

Aliposema hivyo nilimhurumia, na nilikasirika pia, maana nilikuwa nimempa fomu nne na hata siku moja sikumuuliza zaidi ya pale sheria iliponiruhusu. Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa saa tisa na nusu. Nikampa chumba cha mwanangu anayeishi Kigoma, godoro likakaa kwenye kona na nailoni yake, na nikapanga na walimu azunguke madarasani aone.

Jumanne aliingia umeme. Mwalimu akasema ni msikivu sana, ila kila akiambiwa ashike waya anauliza kwanza ni nani atakayelea watoto wake. Mchana akaenda ufugaji. Nguruwe walimtambua, sijui kwa nini, wakamfuata uani kote, na yeye akasema wale wanyama wana chuki binafsi. Jumatano akaenda ushonaji, akashona mfuko wa suruali mzuri kabisa, isipokuwa hauna mdomo. Kila alikopita aliuliza swali moja: "Nikimaliza hapa, kazi zipo?" Na kila mwalimu alimjibu, "Zipo kwa mwenye bidii," ambayo ni lugha ya walimu ya kusema hawajui.

Alhamisi ndiyo siku niliyovunja sheria. Wazazi walikuwa wengi, mtandao ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na foleni ilikuwa imefika kwenye choo. Watu walishaanza kunisemea vibaya kwa Kiha wakidhani sisikii, mimi niliyezaliwa Rungwe Mpya. Mara nikasikia sauti ya Sadoki nje. Hakupiga kelele. Alikuwa anapanga watu: wenye barua huku, wenye picha ambazo hazijakatwa kule, wazee kivulini, mama mwenye mtoto mchanga mbele. Akachana karatasi za rimu yake akagawa namba. Kwa nusu saa foleni ikanyooka, na nilipokwama kusoma majina alikuwa ameshayaorodhesha kwa mwandiko ulionyooka kuliko wangu. Kufika saa kumi tulikuwa tumemaliza, na watu wanaaga kwa kushukuru.

Nikamwita ndani, nikafunga mlango, nikamwambia, "Sadoki, mimi sichagui watu kozi, lakini leo nachagua. Soma ugavi. Umezaliwa nayo kazi ile. Sina zaidi."

Nilidhani atanishukuru. Uso ukamwanguka.

"Hata wewe, mama? Oya, hapana. Kugawa vitu na kupanga watu nimefanya miaka minane, naijua mpaka natokwa jasho usingizini. Nikae mwaka mzima nifundishwe ninachokijua, halafu nirudi Kibondo nikiwa na karatasi, na stoo zimefungwa?"

Nikafungua mlango, akatoka. Mzee Gervasi ametangulia mbele ya haki siku nyingi, lakini jioni ile nilimsikia kabisa akivuta kahawa yake na kunyamaza.

Ijumaa asubuhi Sadoki alikaa kwenye benchi na fomu ya tano magotini. Jina ameandika, tarehe ya kuzaliwa ameandika, sehemu ya kozi iko wazi. Nikamwambia apige simu nyumbani, pengine akisikia sauti ya mke wake atapata nguvu. Simu yake ilikuwa imeharibika spika ya sikioni, ilikuwa inaongea kwa sauti kubwa tu. Kwa hiyo niliyasikia yote, na sikujisogeza, nawaambia ukweli.

"Yunisi, watu wanasemaje huko?"

"Watu gani?"

"Wa kanisani. Walionisindikiza."

"Aa! Wako kwenye maandalizi ya harusi ya binti wa mzee wa kanisa. Hakuna anayekutaja, Sadoki. Walikusindikiza, wakarudi, wakala."

Sadoki akanitazama. Alionekana kama mtu aliyeshushwa gunia mgongoni na bado hajaamini.

"Na wewe je? Unasemaje? Nikusomee nini?"

Huko Kibondo kitu kikatuliwa chini. Nilisikia mtoto analilia kitu, na sufuria.

"Unisomee mimi?" Yunisi akasema, na sauti yake ikabadilika. "Sadoki, miaka mitano naishi na mtu aliyeshika begi. Nikisema tupande kahawa, unasema mwakani niko chuo. Paa linavuja kitandani, unasema litengenezwe kwa ajili ya nani na mimi naondoka. Watoto wanasema baba anaenda chuo tangu hawajaanza shule. Mimi sijali ukisoma. Sijali usiposoma. Ukisoma nitalima, nitakungoja, sitalalamika. Nimechoka kukumiss na wewe upo umekaa hapa mezani."

Kisha salio likaisha.

Sadoki akakaa. Aliisoma ile orodha ya ukutani mara moja tu, kutoka juu kwenda chini, na safari hii hakurudi juu. Akaikunja fomu mara nne.

"Mama, siitaki hata moja," akasema. "Sijawahi kuzitaka. Nilitaka tu nisiwe yule mtu ambaye mkataba wake umeisha."

Nikamuuliza kama ana hakika, maana mwakani sitakuwepo kumpa nyingine.

"Nina hakika. Lakini siwezi kwenda peke yangu. Nirudishe."

Vijana, katika miaka yangu yote sikuwahi kutoka ofisini Ijumaa ya mwisho ya usajili. Nimewahi kuja na malaria. Siku ile nilimwachia muhuri mwalimu wa ufugaji, nikajifunga kitenge kizuri nilichokuwa naweka kabatini kwa ajili ya wakaguzi, nikaenda stendi na mwanaume mzima, godoro, ndoo, jembe, panga, fagio na jogoo, kwa sababu walimu walikataa kumchinja, walishamzoea. Mkinikuta na kosa katika rekodi zangu ni hilo moja, na mkitaka kujua kazi ninayojivunia kuliko zote, ni hiyo hiyo. Haimo kwenye daftari lolote, maana daftari letu linaandika wanaoingia.

Tulifika Kibondo jua likiwa bado lipo. Kwaya walikuwa wanafanya mazoezi ya ile harusi uani kwa mchungaji, jirani na kwa Sadoki, wakatuona kabla hatujashuka kwenye bajaji. Wimbo ukakatika katikati. Mchungaji akatoka, mama mkwe akatoka, watoto watatu wakaja mbio wakamshika baba yao miguuni. Yunisi alisimama mlangoni na mikono ina unga wa muhogo, hakusogea. Ni mwanamke mfupi, macho makavu. Waliniambia hata siku ile kwaya nzima inalia yeye hakulia.

Mama mkwe akanikabili mimi, kama inavyompasa. "Mwalimu, umemrudisha. Amefanya nini mkwe wangu?"

"Hakufanya kosa lolote," nikasema kwa sauti ya wote. "Chuo kizima kinamsifu."

"Basi muulize, amesahau nini?"

Nikamgeukia. "Sadoki, unaulizwa umesahau nini."

Alikuwa bado amelikumbatia godoro. Mtu aliyepanga foleni ya watu mia bila kupaza sauti sasa alikuwa amejificha nyuma ya godoro mbele ya watu ishirini wanaomfahamu. Akalitua godoro chini. Hakumjibu mama mkwe, hakumjibu mchungaji. Alimtazama Yunisi.

"Sijarudi kuchukua kitu," akasema. "Nimerudi kukaa."

Yunisi akaficha uso kwenye mikono yake yenye unga, akalia mpaka mabega yakawa yanaruka. Mama mkwe alidhani binti yake analia kwa aibu, akamkimbilia akambembeleza, akisema si kitu mwanangu, hata wasomi wengine hurudi. Mimi niliyeisikia simu ile nilijua halii kwa aibu. Nilimshika mchungaji mkono, nikamwomba awaambie wanakwaya waendelee na mazoezi yao.